Orodha ya Wapiga Kelele na Adabu ya Majadiliano



Kila mmoja wetu aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii anaifahamu orodha ya wapiga kelele. Mwalimu ametoka kwenda ofisini. Kiranja amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, na pembeni mwa ubao majina yanashuka moja baada ya jingine. Mwalimu arudipo haulizi nani alisema nini, wala kwa nini alisema. Huisoma orodha, na kila aliyeandikwa hupata malipo yake.

Nilipokuwa nikiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, upande wa kusini wa Wilaya ya Kilwa, niliketi nyuma ya chumba kimoja cha Darasa la 4, nikamwona kiranja akifuta jina la mwenzake ubaoni baada ya kupenyezewa kipande cha muhogo wa kuchoma. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Mwanachuo wetu aliporejea alilisifu kwa utulivu wake, kisha akawagawa watoto katika makundi wajadili swali aliloliandaa kwa uangalifu: kwa nini kisima cha shule hukauka kila ifikapo Septemba, na nini kifanyike? Swali lilikuwa zuri, lakini hapakuwa na majadiliano. Katika makundi mengine mtoto mmoja mwenye sauti aliandika majibu yote peke yake. Katika mengine waligombea penseli. Makundi yaliyosalia yalimkodolea macho mwalimu, yakingoja aseme yeye.

Juma lililofuata nilisimuliwa kisa cha pili. Wanachuo hao walikuwa na kundi lao la WhatsApp, waliloliunda ili kubadilishana maandalio ya masomo na mawazo juu ya zana za kufundishia. Usiku mmoja mwenzao alituma picha ya daftari la mtoto, jina likisomeka juu ya ukurasa, herufi zimepinda na maneno yamekosewa kwa namna ya kuchekesha. Vicheko vikafuata. Walioiona picha ile walikuwa wengi, wala hapakuwa na aliyesema neno la kuikataa. Kulipokucha mmoja alikemea kwa hasira, akiandika kwa herufi kubwa tupu. Mwenye picha akamjibu kwa tusi. Mara wote wakamgeukia msimamizi wa kundi: mtoe huyu, mtoe na yule! Msimamizi akawatoa wote wawili. Kundi likanyamaza, na maandalio ya masomo hayakubadilishwa tena mpaka mazoezi yalipokwisha. Picha ilikuwa imekwisha sambaa.

Maoni yangu ni kwamba visa hivi viwili ni kisa kimoja. Mtoto aliyelindwa na kiranja kwa miaka saba hukua akiamini kwamba adabu ya mazungumzo ni kazi ya mtu mwingine. Akiwa mtu mzima humtafuta kiranja kila aendako, na asipomwona hufanya apendavyo. Sisi walimu ndio tuliomlea hivyo. Na kama ninyi, mnaojiandaa kuingia darasani, hamtayabadili mazoea haya, watoto watakaopita mikononi mwenu watayarithi.

Ukimya si adabu

Yatupasa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo shule zetu huyachanganya. Ukimya ni kutokuwapo kwa sauti. Adabu ya majadiliano ni namna ya kuzitumia sauti: kungoja zamu, kusikiliza mpaka mwisho, kupinga hoja bila kumvunjia heshima aliyeitoa, kukiri kosa, na kumpa nafasi asiyethubutu kusema. Mtoto hawezi kujifunza mambo haya kwa kunyamaza, kama vile hawezi kujifunza kuogelea kwa kuketi ufukweni Masoko akiyatazama mawimbi.

Aidha, orodha ya wapiga kelele inafundisha mambo ambayo hatukuyakusudia. Inamfundisha kiranja kwamba madaraka yana bei, hata kama bei yenyewe ni kipande cha muhogo. Inawafundisha wengine kwamba kusema, hata kusema jambo la maana, ni hatari. Tena hukumu yake haina utetezi, kwani aliyemnong'oneza jirani jibu la hesabu na aliyemtukana huandikwa mstari mmoja. Fimbo inapofuata, mara nyingi hata utaratibu wa serikali husahauliwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko visivyozidi 4, na zikataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Sijui kanuni yoyote inayompa madaraka hayo kiranja mwenye chaki.

Mambo haya tunayo nyumbani

Wako watakaosema kwamba majadiliano ya makundi ni mtindo wa kigeni, usiowafaa watoto wetu. Ningewaomba wafike Kiranjeranje jioni, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, wawatazame watu walioketi kivulini, bao katikati yao. Huzungumza juu ya bei ya ufuta, mipaka ya mashamba, ngedere na mpira. Hawana mwenyekiti, wala hapana anayeandika majina. Hata hivyo mazungumzo hayavunjiki. Anayetaka kuingilia husema, “Samahani, nakukata kauli,” akangoja aruhusiwe. Anayepaza sauti huambiwa, “Taratibu bwana, tunakusikia.” Anayevuka mpaka haaibishwi mbele ya watu kwanza: aliye karibu naye humgusa goti, naye huelewa.

Tazameni pia utani wa makabila, ambao huku kusini ungali hai. Mtani anaweza kukuambia maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mwingine yangeleta ugomvi. Lakini uhuru huo una sheria zake. Mwenye haki ya kutania ni mtani tu, naye hana budi kukubali kutaniwa vilevile. Sheria hizo hazikuandikwa katika kitabu chochote cha serikali. Wanaozilinda ni watani wenyewe, na mtoto huzijua kwa kukaa, kutazama na kujaribu.

Hata hivyo tusiipambe baraza kupita kiasi. Mara nyingi wanawake hawamo, na kijana akisema sana huitwa mkosefu wa adabu kabla hoja yake haijapimwa. Ipo adabu inayolinda mazungumzo, na ipo inayolinda wakubwa wasiulizwe. Ya kwanza tuichukue darasani. Ya pili tuiache, kwa sababu heshima inayomnyima mdogo zamu ya kusema haiwezi kuitwa adabu ya majadiliano.

Taifa letu lilikwisha kulijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1970 palikuwa na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya “Uchaguzi ni Wako”, na mwaka 1971 vikaja vya “Wakati wa Furaha”. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya “Mtu ni Afya”. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo vijijini. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watakalofanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na jambo kubwa walilofundishwa ni kwamba wasihutubu. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuuliza, kusikiliza, na kuhakikisha kwamba kila mmoja amesema.

Fikirini, ndugu wanachuo. Hapakuwa na mkaguzi ambaye angeweza kuketi katika vikundi vyote hivyo. Redio ilikuwa ikisema tu, wala haikuweza kumkanya aliyemdharau mwenzake. Adabu ya kila kikundi ilikuwa mikononi mwa wale waliokaa pamoja, wengi wao wakiwa wakulima waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Kama wao waliliweza, mtoto wa Darasa la 5 atashindwaje akifundishwa?

Makundi ya simu

Yawezekana baadhi yenu mnasema kwamba mazungumzo ya simu ni jambo jingine. Kwa sehemu ni kweli. Chini ya mwembe namwona uso wake niliyemwumiza, na uso huo hunikanya. Katika simu simwoni. Chini ya mwembe neno hupotea na upepo. Katika simu hubaki, hunakiliwa, na kesho liko Mtwara na Mwanza. Tena tunayoweza kuwaambia kwa siri huonekana machache, kwa kuwa ni rahisi mno kumkemea mtu mbele ya wote.

Lakini asili ya jambo ni ile ile, na waliotangulia kuitumia mitandao hiyo waliligundua mapema. Mwaka 1995 wahandisi wa intaneti walitoa mwongozo wa adabu ulioandikwa na Sally Hambridge. Haukuwa sheria ya serikali yoyote. Ulikuwa ushauri wa watumiaji kwa watumiaji: soma kwanza mazungumzo ya kundi kabla ya kuandika, kumbuka kwamba upande wa pili yupo mtu, usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana ni kama kupiga kelele, usijibu ungali na hasira.

Mitambo nayo imeongezewa vizuizi. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka mpaka kwamba ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya mazungumzo 5 kwa mara moja. Mwaka 2022 wasimamizi wa makundi walipewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama ye yote, na mwaka huohuo kundi moja likaruhusiwa kuwa na watu hadi 1,024. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inagusa uongo na unyanyasaji unaofanywa kwa njia hiyo. Vizuizi na sheria hivyo vina kazi yake. Hata hivyo, tazameni tena kisa cha daftari. Picha ilitumwa mara moja tu, katika kundi dogo, na watu waliokuwa wakijiandaa kuwa walimu. Hapana mtambo ambao ungeizuia. Aliyeweza kuizuia ni mwanachuo mmoja, yeyote yule, ambaye angemwandikia mwenzake peke yake dakika ile ile: “Ndugu yangu, jina la mtoto linaonekana. Ifute.” Maneno saba yangetosha. Hayakuandikwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimngoja msimamizi.

Mwalimu afanye nini?

Sitaki kuacha makala haya katika mawaidha. Utaratibu ufuatao nimeujaribu pamoja na wanachuo, nao unafaa kuanzia Darasa la 3 na kuendelea.

Kwanza, watoto watunge kanuni zao. Waulize: “Mwenzako akifanya nini huwa huwezi kusema?” Watakuambia wenyewe: akinicheka, akinikatiza, akiangalia pembeni. Geuzeni majibu hayo kuwa kanuni zisizozidi 5, ziandikwe kwa maneno yao, zibandikwe ukutani. Kanuni 15 za mwalimu hazitakumbukwa. Kanuni 4 za watoto zitanukuliwa hata njiani wakienda nyumbani.

Pili, makundi yawe madogo, ya watoto 5 au 6, na kazi zipokezane. Mmoja aongoze, mmoja aandike, mmoja aangalie zamu. Juma linalofuata wabadilishane. Kiranja wa kudumu huota pembe. Mwenye zamu ya juma moja anajua kwamba juma lijalo atakuwa chini ya mwenzake.

Tatu, zamu ionekane kwa macho. Mpe kila mtoto korosho 3 zenye maganda, au kokoto 3. Kila anaposema huweka moja katikati. Zikimwishia husikiliza mpaka wenzake wote wamemaliza zao. Njia hii humpunguza mwenye maneno mengi bila kumwaibisha, na humdai aliyenyamaza bila kumtisha. Baada ya majuma machache korosho hazihitajiki tena, kwani watoto huwa wanahesabu moyoni.

Nne, wafundishwe kuonyana kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ishara, kama kugusa goti kule barazani. Ya pili ni neno la upole, la faragha. Ya tatu ni kundi lote kuikumbusha kanuni, wakiitaja kanuni na si tabia ya mtu. Ya nne ndiyo mwalimu. Kosa letu kubwa ni kuanzia ngazi ya nne. Na kila ngazi iache mlango wa kurudi: aliyekosa akiomba radhi, jambo limekwisha, wala lisikumbushwe kesho.

Tano, dakika 3 za mwisho wa kipindi kundi lijipime lenyewe. Nani hakusema leo? Kanuni ipi ilivunjwa? Kesho tufanye nini? Mwalimu asitoe maksi kwa jambo hili, maana likipewa maksi watoto wataanza kusema uongo.

Hofu za walimu

Hofu ya kwanza ni wingi wa watoto. Darasa la watoto 80 au 90 si hadithi katika shule zetu. Nakubali kwamba makundi 15 yakizungumza kwa pamoja ni kelele kubwa. Basi anza na wawili wawili katika dawati moja, kwa dakika 2. Au makundi manne yajadili huku wengine wamewazunguka, wakiangalia kama kanuni zinafuatwa, kisha wabadilishane nafasi. Pale shule ilipo na mwembe, nusu ya darasa itoke nje. Mwambie pia mwalimu mkuu mapema, asije akadhani darasa limekushinda.

Hofu ya pili ni muda. Ni kweli kwamba majuma mawili ya kwanza yatapotea, au yataonekana kupotea. Hapo mbele muda huo utarudi, kwa kuwa hutalazimika tena kukatiza somo kila mara ukisema “nyamazeni”.

Hofu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na sitaki muipuuze. Kundi linalojilinda laweza pia kugeuka kundi linaloonea. Watoto wakishaona kwamba wana nguvu ya pamoja, wanaweza kumzomea mmoja, kumtenga mwenye kigugumizi, au kuifanya kanuni kuwa fimbo ya kumpigia wasiyempenda. Kwa hiyo mwalimu hajiuzulu. Yako mambo yasiyopitia ngazi yoyote: dhihaka juu ya ulemavu, kabila, dini, umaskini au mwili wa mtoto, na vitisho vya aina yoyote. Hapo mwalimu huingia mwenyewe, mara moja, na darasa zima lijue sababu. Nao watoto wajue kwamba aliyeonewa na kundi anaweza kumjia mwalimu bila kuitwa mchongezi. Kujilinda wenyewe kunahitaji ukuta nyuma yake, na ukuta huo ni wewe.

Hitimisho

Mtoto wa Kiranjeranje unayemfundisha leo ataketi kesho katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako hesabu za fedha za wananchi husomwa. Ataketi katika mkutano wa chama cha msingi, ambako wakulima huamua kuukubali au kuukataa mnada wa ufuta wao. Ataingia katika makundi ya simu yenye watu asiowajua. Kama alichojifunza shuleni ni kunyamaza mpaka kiranja atoke, katika mikutano hiyo atanyamaza wakati fedha zake zinapotea, au atapiga kelele mpaka mkutano uvunjike. Watakaonufaika na yote mawili ni wale wasiopenda kuulizwa.

Ama wale wanachuo wa kisa cha daftari, walikutana chuoni baada ya mazoezi, wakiwamo wawili waliotolewa. Sikuwaongoza. Niliombwa kuketi tu. Walizungumza kwa saa mbili, wakaombana radhi, wakaandika kanuni 4 za kundi lao. Ya kwanza inasema kwamba sura, jina na daftari la mtoto havitatumwa kundini. Ya pili inasema kwamba aonaye kosa amwandikie mwenye kosa peke yake kabla ya kusema mbele ya wote. Mwenye picha aliomba ruhusa, akarudi kwa gari la asubuhi kwenda kumwona mwalimu wa darasa la yule mtoto na kumweleza alilofanya. Hakutumwa na mtu.

Mtakapokwenda mazoezini muhula ujao, ombeni darasa moja, hata kwa majuma matatu tu, mlifundishe bila orodha ubaoni. Andikeni kila siku mlichokiona, pamoja na yaliyoshindikana, mkalilete jarida hili ili wenzenu wasome.